Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu

KUH: RIDHAA YA WAJAWAZITO KATIKA UTAFITI

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kisumu, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwatembelea wajawazito nyumbani na kuwahimiza waanze kliniki mapema. Nakuandikia kuhusu jambo nililolishuhudia huko huko ninakowapeleka.

Asubuhi moja nilimsindikiza msichana wa miaka 19 kwenye kliniki yake ya kwanza. Alipimwa damu, akajaziwa kijitabu cha mama na mtoto, kisha akaelekezwa chumba cha pili, ambako alisomewa mbiombio fomu ya kurasa 11, nusu yake Kiingereza, iliyoomba kipande cha kondo la nyuma na damu ya kitovu siku atakapojifungua, vihifadhiwe kwa ajili ya utafiti. Alipaka kidole gumba wino wa zambarau na kukibonyeza alipoonyeshwa. Tulipotoka nje akaninong'oneza, "Mama, sasa neti watanipa?" Alidhani ameweka kidole cha kupokea chandarua.

Sikuweza kumlaumu. Muuguzi aliyempima ndiye aliyemsomea fomu, akiwa katika sare ile ile, na foleni ikimngoja mlangoni (naye muuguzi simlaumu sana, kwa kuwa alikuwa peke yake). Juu ya hayo palikuwa na nauli iliyotolewa baada ya kidole kuwekwa, na mtu aliyeacha nyumba bila unga haioni pesa hiyo kama nauli tu.

Eneo letu limebeba utafiti mzito. Wanawake wa Kisumu walikuwa miongoni mwa 7,829 wa nchi nne walioshiriki utafiti wa ECHO, ambao matokeo yake yalitolewa Juni 2019. Humo kila mmoja alikubali kura imchagulie njia ya kupanga uzazi, iwe sindano, kitanzi cha shaba au kipandikizi, ili ijulikane kama kuna njia inayozidisha hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Tofauti kubwa haikuonekana, lakini wanawake 397 waliambukizwa wakati utafiti ukiendelea. Anayeingia katika jambo la namna hiyo anastahili kulielewa kabla hajaweka kidole. Mwaka huo huo wa 2019 chanjo ya malaria ya RTS,S ilipoanza kutolewa kwa majaribio huku magharibi, mzazi kumleta mtoto kuchanjwa kulihesabiwa kuwa ridhaa, na jarida la BMJ la Uingereza likaibua suala hilo mwaka 2020. Chanjo yenyewe ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na mjukuu wangu ameipata. Hata hivyo, mama yake angependa kuulizwa.

Najua vibali vya utafiti hutolewa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, na kwamba kamati za maadili hupitia fomu hizo. Lakini tangu ugatuzi, zahanati na vituo vya afya viko chini yako, na masharti ya yanayofanyika ndani yake unaweza kuyaweka wewe. Naomba uagize kwamba ridhaa ya utafiti isitafutwe siku ya kliniki ya kwanza, wala kamwe mama akiwa na uchungu. Isomwe na mtu asiyemtibu, kwa Dholuo au Kiswahili kadiri mama atakavyotaka. Naye aende na nakala nyumbani, ili aweze kuzungumza na mumewe, mama yake au yeyote anayemwamini. Nakala hiyo ieleze sampuli zitakaa wapi, kwa muda gani, na kama zitavuka mipaka ya nchi.

Yule msichana anatarajia kujifungua mwezi ujao. Hana nakala ya fomu, wala hajui amwendee nani akibadili nia. Ofisi yako ikitaka kuanzia mahali, naomba wahusika waagizwe wamwite kabla ya siku hiyo na kumsomea upya, bila haraka.

Wako mwaminifu,
Mhudumu wa afya ya jamii, Kisumu