Msitu wa Birnam Nimeuona

Perth, Uskoti
Jumapili usiku

Shoga yangu Malcolm,

Usinune, jina hilo utazikwa nalo. Hujambo? Watoto hawajambo? Goti la mama linaendeleaje? Miye mzima, ila leo miguu inawaka moto, na chanzo ni wewe na vituko vyako vya kidato cha tatu.

Unaikumbuka ile tamthilia ya Shakespeare tuliyoigiza shuleni, Macbeth? Wachawi wamemhakikishia mfalme Macbeth hatashindwa mpaka siku msitu wa Birnam utakapomfuata kilimani Dunsinane, naye kajibweteka, maana msitu gani una miguu? Ndipo wewe, uliyeigiza adui yake Malcolm, ukaamuru kila askari akate tawi ajifiche nyuma yake. Tukauvamia mwembe wa nyuma ya jiko, hakuna aliyetazama, kumbe majani yamejaa majimoto. Jeshi zima likaingia jukwaani linajikuna, na mpishi anatufuata na mwiko.

Basi miaka yote hii nilijua Birnam ni jina la hadithi tu. Shoga, ipo! Ni kijiji, kina stesheni yake, na treni kutoka hapa haimalizi nusu saa. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyenitajia juzi, nikaona hapana, siku yangu ya mapumziko hailali bure.

Ukitoka stesheni unakikata kijiji, unateremka, mara uko kando ya mto Tay. Ndio mto mrefu kuliko yote Uskoti, ingawa haufiki hata kilomita 200. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilidhani ni matope, kama Pangani wakati wa masika. Nikachota kiganjani, maangavu kabisa! Wanasema rangi inatoka kwenye udongo wa mboji huko juu milimani. Baridi yake sikuelezi. Vidole viligoma mpaka nilipovitia kwapani.

Mwanzo nilitembea kwa wasiwasi. Unanijua, kila kigeti nikikiona nasubiri sauti ya mwenye shamba na mbwa. Kumbe huku kuna sheria ya mwaka 2003 inayomruhusu kila mtu kupita karibu ardhi yote, mradi asiharibu kitu na asiwabughudhi wenyewe. Mbwa niliokutana nao wote walikuwa na mabwana zao, na wote walinirukia kwa mapenzi. Koti langu sasa lina alama za nyayo.

Halafu nikaufikia. Mwaloni, ule ule tuliokuwa tunausikia kwenye Biblia na hatujui unafananaje. Inasemwa ni katika miti michache iliyobaki ya ule msitu wa zamani. Shina lake mzunguko ni kama mita 7. Mimi, wewe na yule mpishi tukishikana mikono hatuumalizi. Chini limefanya pango, nikachungulia ndani, kunanuka kama ghala la mahindi lililonyeshewa. Na matawi ya chini yamekuwa mazito hata wameyawekea nguzo za mbao yaegemee. Ndio picha iliyonikaa: msitu uliotembea mpaka ukampindua mfalme, leo umesimama kwa mikongojo. Nilikaa pale nikala chapati zangu mbili, mvua inadondoka jani kwa jani, wala sikulowa.

Jirani yake kuna mti mwingine mnene, umejaa vinundu. Wenyewe wanauita sycamore, jina lile lile ambalo Biblia ya Kiingereza inauita mkuyu wa Zakayo. Usidanganyike, hauzai kuyu hata moja.

Nikaendelea kupandisha na mto mpaka daraja la Dunkeld, la mawe, lilifunguliwa mwaka 1809. Zamani ulikuwa huvuki bila kulipa, hata ukienda kanisani, na mwaka 1868 watu wakachoka wakalivunja lango. Wangekuja kutufundisha.

Hapo karibu, kwenye makaburi ya kanisa dogo, amezikwa Niel Gow, mpiga fidla aliyefariki mwaka 1807. Mbele zaidi kando ya mto kuna mwaloni wenye jina lake, husemwa alikuwa akikaa chini yake akitunga. Nikamkumbuka marehemu babu yako, anapokaza nyuzi za fidla barazani kabla ya taarabu, na sisi tunafukuzwa tukalale.

Wavuvi nao walikuwepo, wamesimama majini hadi kiunoni kama waliosahaulika. Wanamtaka samoni. Nikaambiwa rekodi ya samoni wa ndoano katika Uingereza nzima imetoka kwenye mto huu, chini kidogo ya hapo, mwaka 1922: kilo 29! Aliyemvua ni binti, Georgina Ballantine, alipambana naye zaidi ya saa mbili, na mpaka leo hajapatikana mwanamume wa kumpita. Nilicheka peke yangu njiani.

Kurudi nikateleza. Kulikuwa na mti mchanga umelala njiani, umechongwa ncha kama penseli, nami nikawa nautazama badala ya kutazama matope. Ni kazi ya biva, mnyama kama panya buku aliyenenepa, mkia bapa kama upawa. Waliwindwa wakaisha nchi nzima, sasa wamerudi na tangu 2019 sheria inawalinda. Mimi hakuna aliyenilinda. Nilipanda treni na tope hadi mgongoni, na bibi mmoja akanitandikia gazeti kwenye kiti bila kusema neno.

Ukija, nitakupeleka, na amri utaitoa upya pale pale chini ya mti. Kwa sasa nimekutilia jani moja la mwaloni kwenye bahasha hii. Nimelikagua pande zote mbili, halina majimoto.

Wako,
Askari wa mstari wa mbele