Mita 60 za mbuga ya Bahi zinapimwa kuanzia wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwaulize wanaopima viwanja huku kwetu Bahi swali moja tu: zile mita 60 ambazo sheria ya mazingira inakataza kujenga kandokando ya ziwa, mnazipima kuanzia wapi?

Mimi ni fundi mwashi. Nyumba nilizojenga nyingi ziko kati ya Kigwe na Bahi Sokoni, na siku hizi kazi haikauki. Serikali imehamia Dodoma, reli ya mwendokasi imepita kwetu, na mtu akishtushwa na bei ya kiwanja mjini anakimbilia huku. Sina ugomvi na hilo, ndilo linalonilisha. Ugomvi wangu ni viwanja vinavyouzwa mbugani, kwenye tambarare ya upande wa ziwa Sulunga, katika miaka ambayo ziwa lenyewe halionekani.

Kwa wasiopajua: mto Bubu unashuka kutoka nyanda za upande wa Hanang na Kondoa, unapita Chemba, unaishia hapa. Maji yake hayaendi Rufiji wala Wami, na bahari hayaijui. Yakishafika Bahi, yanaondoka kwa kukaushwa na jua. Dodoma tunapata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, wakati jua na upepo wetu vina uwezo wa kukausha milimita 2,000. Ndiyo maana kuna miaka unakatiza mbuga kwa baiskeli, vumbi la chumvi linakuwasha macho. Halafu inakuja mvua kama ya El Nino ya 1997/98, au ile ya 2019/20, na ulipopita na baiskeli watu wanatega kambale kwa mtumbwi. Mbuga yenyewe ni sinia. Maji yakiongezeka kidogo tu, hayapandi sana, yanatambaa.

Sasa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bwawa. Ni sheria nzuri kwa ziwa lenye ukingo. Kwetu ukingo unahama. Chukua pimamaji, twende pamoja: mahali ambapo ardhi inainuka mita moja kwa kila kilomita, maji yakipanda nusu mita yanasogea mita 500. Hapo bikoni ya mita 60 iko majini pamoja na nyumba, choo na karatasi ya mauziano.

Kuna mteja alinipeleka kwenye kiwanja chake, akiwa na risiti na kila kitu. Tukaanza kuchimba msingi. Juu udongo wa kijivu, chini yake mfinyanzi mweusi, na tulipofika kina cha goti kibarua akaanza kutoa makombe ya konokono wa majini, kisha fuvu la kambale, pana kama kiganja. Nikamwita mteja aje aone. Akaniambia, "Fundi, hayo ni ya zamani." Nikamjibu, zamani ya nani? Wazee wa hapa wanapanga miaka yao kwa maji: mwaka tuliovua, mwaka tuliolima mtama mle mle. Hakunielewa, akatafuta fundi mwingine. Kifuku, yaani msimu wa mvua, cha 2023/24 maji yakamfikia. Hayakumwangushia nyumba, yalikaa tu. Yalipoondoka, chumvi ikabaki ndani ya tofali, na leo plasta inamenyuka hadi usawa wa dirisha. Alinipigia kuuliza dawa. Dawa ya chumvi iliyoingia kwenye tofali za kuchoma bila utando wa kuzuia unyevu chini ni kuvunja ukuta.

Wapo wanaosema tusubiri bwawa la Farkwa, eti Bubu ukishazuiwa kule Chemba mafuriko yatakuwa hadithi. Bwawa ni la kuleta maji ya kunywa jijini, nami nalitaka kama mwingine yeyote. Lakini mwaka wa mvua kubwa bwawa likijaa linamwaga, na mbuga ina vijito vyake visivyopita Farkwa. Ninachokiogopa zaidi ni ile miaka mikavu mirefu katikati, maana ndiyo inayozaa viwanja.

Kingine kinachosahaulika ni tope. Kondoa ilimomonyoka hadi Serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Udongo ule haukupotea hewani. Sehemu yake ilibebwa na Bubu, na bonde lisilo na mlango halitoi tope kama lisivyotoa maji. Sakafu inapanda, kwa hiyo maji yale yale yanahitaji eneo kubwa zaidi. Alama za maji yalipofika 1998 zenyewe huenda hazitoshi.

Mpwa wangu aliyesoma Chuo cha Maji ananiambia hata Marekani yaliwakuta. Lile ziwa la chumvi la Utah lilipanda, na mwaka 1987 wakawasha mapampu makubwa ya kutupa maji jangwani. Mwaka 1989 wakayazima, ziwa lilishaanza kushuka lenyewe. Mwaka 2022 likafikia kina cha chini kabisa tangu lianze kupimwa. Kama wao wenye fedha hawakuweza kulifukuzia, sisi tutatumia nini?

Ninachoomba ni nguzo. Halmashauri, pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati pale Singida, iwakusanye wazee wa Chali, Chipanga na Nagulo Bahi, wapite nao wakionyesha maji yalipofika miaka ile mikubwa, na nguzo za zege zisimikwe hapo, juu kidogo. Mita 60 zianzie kwenye nguzo. Chini ya nguzo watu walime mpunga na mtama, walishe, wavue; majaruba yakizama mwaka mmoja, mwaka unaofuata yanalimika. Nyumba haziruhusiwi, hata kama kiwanja kimekauka mpaka kinapasuka. Na kazi hiyo ifanyike kiangazi hiki, kabla ya mauzo mapya ya viwanja.

Fundi mwashi,
Bahi, Dodoma