Misa nyumbani kwa ukoo wa Stonor

Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Shikamoo. Nisalimie Baba na wadogo zangu wote. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa.

Kwenye simu umeniuliza mara mbili kama huku nasali. Nikaona jambo hilo nikuandikie. Jumapili iliyopita sikuwa na zamu, mama mmoja wa parokiani akanipa lifti mpaka Stonor, mkoa wa Oxfordshire hapa Uingereza, tukasali Misa nyumbani kwa watu. Ni nyumba kubwa ya matofali mekundu, imejificha kwenye vilima vya Chiltern, na ayala wanakula majani mbele yake. Ayala wale wa kwenye zaburi, Mama, nimewaona kwa macho!

Ukoo wa Stonor umekaa pale zaidi ya miaka 800, na kikanisa chao kimeshikana na nyumba. Sasa sikiliza. Mwaka 1559, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, sheria ilipiga marufuku Misa. Asiyekwenda kanisa la serikali, yaani la Anglikana, alitozwa peni 12 kila Jumapili. Mwaka 1581 faini ikapanda hadi pauni 20 kwa mwezi, fedha ya kumaliza mashamba ya mtu, na kweli hawa walipoteza ardhi nyingi. Lakini Misa waliendelea nayo. Vikanisa vya Kikatoliki vilikuja kuruhusiwa mwaka 1791. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi vya watoto waliobatizwa kwa kificho.

Mwaka huohuo wa 1581 walimpokea Padri Edmund Campion, Mjesuiti. Kijitabu chake cha Kilatini, chenye sababu 10 za kutetea imani, kilichapwa humo kwa siri, na nakala zikakutwa kwenye mabenchi ya kanisa la Mtakatifu Maria, Oxford. Julai akakamatwa katika nyumba nyingine, na tarehe 1 Desemba akauawa London. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu mwaka 1970.

Nilipopiga magoti niliikumbuka jumuiya yetu inaposali sebuleni kwetu, wewe ukitandika kile kitambaa cheupe mezani. Nikiwa mdogo niliona ile ni sala ya kungojea Jumapili tukasali kanisani. Kumbe Uingereza kanisani ndiko walikofungiwa mlango, sebuleni ndiko imani ilikobaki. Nililia kidogo, Mama.

Kitu kimoja zaidi. Njia ya Msalaba ya pale imechongwa kwa mbao na Mpolandi aliyekuwa mfungwa katika Vita vya Pili vya Dunia, Jozef Janas. Nilisimama mbele ya kila kituo, nikimfikiria mtu yule na kisu chake, mbali na kwao. Kwaresima mtakaposali Njia ya Msalaba kigangoni, mtajeni na yeye kwenye nia za marehemu.

Mwanao akupendaye.