Barua kwa Mwanaidi: mafua yako na lile jiko

Uyole, Mbeya
27 Julai

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anauliza kama baridi ya Njombe itakurudisha Tanga au utavumilia mpaka likizo ya Desemba.

Nimesoma barua yako, na kabla ya mafua yenyewe nina neno moja: lile jiko la mkaa unaloliingiza chumbani usiku litoke leo hii. Umeandika kwamba wewe, mtoto Abdu na dada wa kazi mnaamka vichwa vinawagonga na kichefuchefu juu, halafu wewe ukishakaa shuleni kidogo kichwa kinakuacha. Ukayaita mafua ya baridi. Mwenzangu, mafua gani yanayowapata watu watatu alfajiri moja, bila homa, kisha yanaondoka mtu akitoka nyumbani? Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Wengi huku wanadhani moshi ndio wenye sumu, kwa hiyo wanasubiri mkaa uwe mwekundu ndipo waingize jiko ndani. Huo mwekundu ndio unaoua watu usingizini. Oteni moto barazani, na wakati wa kulala jiko libaki nje. Ongezeni blanketi. Kikiwashika tena kichwa cha namna hiyo, tokeni nje wote mara moja, kisha mwende hospitali mkaseme wazi kwamba mlilala na jiko.

Sasa mafua. Unasema yamekukaa tangu mvua zilipokatika mwezi wa tano: chafya zinafuatana asubuhi, macho yanawasha, hata kaakaa linawasha, kamasi ni maji matupu, na homa huna. Huo mimi nauita mzio. Mafua ya kawaida hayana subira hiyo. Huanza na koo kukwaruza, siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, kamasi linakuwa zito, na ndani ya siku 7 hadi 10 yamekwisha, ingawa kikohozi kinaweza kuburuta mkia wiki moja au mbili zaidi. Kuwasha macho si kawaida yake. Tazama ulipo: kiangazi, barabara ya vumbi mbele ya nyumba, chaki darasani, na blanketi ulilolikuta sandukuni kwa mwenye nyumba. Ningeanza na blanketi. Lifue kwa maji ya moto, lianike siku ya jua, na chumba usikifagie kavu, pangusa kwa kitambaa kibichi. Dawa yake ni setirizini, kidonge kimoja usiku. Piriton nayo inasaidia lakini utasinzia mbele ya wanafunzi. Kama pua imeziba na umeanza kutumia yale matone ya kuzibua, usipitishe siku tano, maana pua huzoea na ukiyaacha inaziba kuliko mwanzo.

Usinunue rangi mbili, zile kapsuli za antibayotiki. Najua mtu wa duka atakupa, na mimi niliye nyuma ya dirisha la dawa naombwa kila siku. Mtu anaingia na skafu hadi machoni, anasema nipe dawa ya mafua, ile rangi mbili, nne tu zinanitosha. Antibayotiki huua bakteria. Mafua huletwa na virusi, na kundi moja tu la hao virusi, wanaoitwa rinovirusi, lina aina zaidi ya 150, ndiyo maana mtu hapati kinga ya kumtosha maisha yote. Nikikataa kuuza, naambiwa nina roho mbaya. Nikieleza kwamba kamasi la kijani si ushahidi wa bakteria, linabadilika rangi kwa sababu mwili unapigana, wananiangalia tu na kwenda duka la pili. Mahali pa antibayotiki papo: mtu aliyekwisha kupata nafuu akazidiwa tena, uso unauma kwenye mashavu na juu ya macho, homa imerudi. Huyo aende akapimwe. Lakini kuanza na vinne na kuviacha njiani hakumponyi yeyote.

Influenza utaitambua bila kuambiwa. Inakuangusha ghafla, homa kali, viungo vyote vinauma, kitanda hukiachi. Pumzika, kunywa maji na uji, meza parasetamo. Mjamzito, mzee na mwenye pumu au kisukari wasisubiri nyumbani. UVIKO-19 nayo inaweza kuja hivyohivyo, na bila kipimo huwezi kuitofautisha. Na wewe ulikuwa Tanga likizo ya Juni, kwa hiyo homa yoyote sasa hivi upime malaria kwanza, hata kama Wanjombe watakuambia huko kwao hakuna mbu.

Kwa Abdu, kamasi lisikutie hofu, tazama anavyopumua. Akiwa ametulia, amelala ni vizuri zaidi, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miaka mitatu, zikifika 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali usiku huohuo, inaweza kuwa nimonia. Pua ikiziba, mdondoshee matone ya maji ya chumvi. Aspirini asipewe kabisa, na zile dawa za maji za mafua za dukani waachie wenyewe.

Kuhusu nyungu aliyokushauri jirani: sote tulijifukiza mwaka 2020 na majani ya mkaratusi, na sikatai kwamba pua inafunguka kidogo. Virusi haivitoi. Ukipenda, jifukize wewe mtu mzima, sufuria ikiwa imetulia sakafuni, lakini Abdu asifunikwe shuka juu ya maji yanayochemka. Watoto wanaungua hivyo.

Yule mwalimu mwenzako anayekohoa tangu shule zifunguliwe, kama zimepita wiki mbili, mshawishi akapime makohozi. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Nimempa konda wa basi la asubuhi kifurushi, kina setirizini na chupa ya asali. Asali ni ya kikohozi cha Abdu, kijiko kidogo kabla ya kulala. Nakujua, usiimalize kwenye chai.

Wako,
Sekela