Kwa nini hatupandishi tangi la maji ya chumvi juu ya meza ya TV

Tangi la samaki wa baharini ambalo wateja wetu wengi wa Dar es Salaam huagiza lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50. Wengi huanza kutafuta pa kuliweka likiwa tayari limefika mlangoni. Basi tupige hesabu. Maji peke yake yanakaribia lita 250, na lita moja ya maji ya bahari inazidi kilo moja kidogo. Kioo cha milimita 10 kinaongeza kilo 55 hivi. Ukitia mchanga na mawe unakaribia kilo 350, yaani mifuko saba ya saruji juu ya samani moja, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi.

Meza nyingi za TV za madukani ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Zikilowa zinavimba, na tangi halikosi matone. Kona moja ikititia milimita chache tu, kioo cha chini kinalemewa upande mmoja na silikoni inayounganisha vioo inavutwa. Ndipo tunapigiwa simu: "Fundi, tangi linavuja." Mara nyingi silikoni ilikuwa nzima, kilichokosekana ni stendi.

Stendi tunayounda sisi ni ya mbao za mbili kwa nne zilizokauka vizuri. Mninga unapendeza, ila msonobari uliotiwa dawa unatosha kabisa, na hatuoni haja ya kumtoza mtu bei ya mninga kwa mbao itakayopigwa rangi. La muhimu ni namna uzito unavyoshuka. Fremu ya juu lazima ikalie vichwa vya miguu, mbao juu ya mbao, mpaka sakafuni. Mafundi wengi huipigilia fremu ubavuni mwa miguu, na hapo mzigo wote unaning'inia kwenye skrubu. Kazi ya skrubu ni kushikilia mbao zisiachane, si kubeba. Nyuma tunaziba kwa plaiwudi ili stendi isiyumbe ikisukumwa kwa ubavu, maana miguu minne mizito bila kitu cha kuifunga bado inaweza kulala upande.

Chuma? Tunakitengeneza mteja akitaka, lakini tunamwambia mapema: chumvi hutambaa. Utaona unga mweupe kwenye ukingo wa kioo, kesho uko kwenye bawaba, keshokutwa kutu imeshaanza kwenye maungio ya kuchomelea.

Sakafu nayo ina hila zake, hasa yenye vigae. Tunaweka pimamaji kwenye stendi tupu, kwa urefu na kwa upana, na kabari zinakwenda chini ya miguu, kamwe si chini ya tangi. Ukitaka kukagua tangi ulilonalo tayari, pima kutoka ukingo wa juu hadi usawa wa maji, kulia na kushoto. Vipimo vikipishana, tangi limeinama.

Likishasimama, kinachowachanganya wengi ni kujazia maji. Joto la Dar na feni vinakausha maji kila siku, lakini chumvi haiendi na mvuke, inabaki. Kwa hiyo maji yaliyopungua kwa kukauka hujaziwa maji matamu yaliyochujwa, si ya bahari. Ukijazia ya bahari kila mara, chumvi inapanda na samaki wanateseka; kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu) kinatakiwa kisome karibu na 1.025. Maji mapya ya chumvi yana siku yake: kila wiki mbili unatoa asilimia 10 hadi 15 ya maji ya zamani na kurudishia kiasi hichohicho.

Kuna wanaokwenda kuchota baharini wenyewe. Hatuwakatazi, ila wachote maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji, na wasichote wakati wa masika. Mawe na samaki wa Bongoyo na Mbudya waachwe huko huko, kwani visiwa hivyo ni hifadhi.

Samaki hawaingii wiki ya kwanza. Bakteria wa kugeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Mteja mwenye haraka tunamwomba avumilie, hata akinuna.

Na umeme. Kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone lidondoke sakafuni. Kama una tangi la kuchujia chini ya stendi, zima pampu ukiwa umesimama hapo hapo, utazame maji yanavyorudi chini. Yakikaribia kufurika, punguza maji sasa, usisubiri umeme ukatike usiku. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu.

Ukituandikia kuagiza stendi, tutumie vipimo vya tangi, picha ya ukuta na sakafu, na utuambie uko ghorofa ya ngapi. Kama tangi tayari lina maji, usilisogeze kabla hatujafika.