Elfu Thelathini ya Kuchomoa Waya Mmoja

Wiki iliyopita tumeanikwa. Kaka mmoja mwenye studio ya picha hapa Mtwara mjini kaandika kwenye grupu la wafanyabiashara kwamba ofisi yetu ya kutengeneza kompyuta imempiga: kompyuta yake ilikuwa inajizima, kaileta, tumekaa nayo siku mbili, tumechomoa waya mmoja, tumemdai elfu thelathini. Na picha ya risiti kaiweka. Alichosema ni kweli tupu. Ila hadithi kaianzia mwisho, na kwa kuwa watu watatu wameshapita hapa mlangoni kuuliza "ninyi ndio wale wa waya?", acha niianze inapoanzia.

Siku anaileta alisema inajizima yenyewe, na wakati mwingine inaleta kioo cha bluu. Nikamuuliza swali tunalomuuliza kila mtu: kabla ya tatizo kuanza, uliongeza nini, uligusa nini? "Sijagusa kitu, fundi. Imeanza yenyewe tu." Alikuwa ameshapigiwa windo, yaani kufutiwa na kuwekewa Windows upya, mara mbili kwingine, elfu kumi na tano kila mara, na mara ya pili picha za harusi mbili ziliondoka na windo ya zamani. Hakuna aliyemuuliza kama ana kopi.

Mashine iliyopigwa windo mara mbili na bado inajizima, sisi tunaacha kuihangaikia windo. Tulianza na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Waya mwekundu unatakiwa utoe volti 5, na ukicheza kati ya 4.75 na 5.25 hauna neno. Wa njano volti 12, kati ya 11.4 na 12.6. Mita ikasema sawa. Tukachomoa ramu, zile bodi ndogo za kumbukumbu, tukasugua meno yake kwa raba ya penseli, tukaziacha zipimwe usiku kucha. Nazo sawa. Asubuhi tukafungua folda la Minidump, ambamo Windows huandika faili dogo kila inapoanguka na kioo cha bluu. Windo mpya ilishafuta ya zamani, yalibaki mawili, na yote yalinyoosha kidole upande wa USB. Zile mara ambazo mashine ilizimika ghafla hazikuandikwa humo. Mashine iliyokatiwa umeme haipati hata nafasi ya kulia.

Kijana wangu ndiye aliyeshtuka. Kafungua My Computer kakuta disiki E, F, G na H, zote tupu. "Bosi, hizi nne zimetoka wapi?" Nikampigia mwenye mali. Kimya kidogo, halafu: "Aaa, hicho kidude cha kadi! Nilikifunga mwenyewe. Lakini hicho hakina shida, fundi, kinasoma vizuri."

Kidude ni kadi rida ya ndani, kifaa cha kusomea memori kadi, ile inayokaa mbele palipokuwa na flopi. Matundu yake ya kadi ndiyo zile disiki nne. Aliagiza Kariakoo, ikaja na basi, kabandua mfuniko, kaisukumiza tunduni, kachomeka waya kwenye pini za USB za madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Skrubu hakufunga hata moja, na naona ziliachwa kwenye kile kimfuko cha nailoni. Kila akichomeka memori kadi, rida inarudi nyuma kama nusu sentimita, na waya wake unasuguana na ukingo wa bati. Kwenye waya mwekundu plastiki ilichubuka mahali padogo, kama punje ya ufuta. Shaba ikigusa bati sawasawa, volti 5 zinakimbilia kwenye kasha, pawa saplai inajilinda, mashine inazima. Ikigusa kidogo tu, rida inapotea na kurudi katikati ya kuhamisha picha, Windows inachanganyikiwa, bluu hiyo.

Kuchomoa waya kulichukua sekunde nne, sikatai. Kuujua kulichukua siku mbili, na hizo siku mbili zilizaliwa na "sijagusa kitu." Angesema pale kaunta kwamba kafunga kidude, angelipa elfu kumi ya kukagua na kuondoka na mashine yake kabla ya adhuhuri.

Kosa letu moja nalikubali. Risiti iliandikwa "kuchomoa waya". Kijana aliandika kitu cha mwisho alichokifanya. Sasa tunaandika vyote, hadi raba.

Niseme neno kuhusu kupiga windo, maana hii ndiyo njia ya mkato inayowagharimu watu wa huku kuliko zote. Mashine ikistaki, piga windo. Ikijizima, piga windo. Kibodi ikimwagikiwa chai, kuna mtu alitaka apigiwe windo. Kupiga windo ni kufyeka shamba zima kwa sababu umeona nyoka. Ukimaliza kufyeka, shimo la nyoka lipo palepale. Waya uliochubuka haujui kama windo ni mpya au ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba mafaili huna na elfu kumi na tano huna.

Ukiwa umefunga kitu kipya na mashine ikaanza vituko, kitoe hicho kipya kwanza. Hata kama kinafanya kazi, hata kama ulikinunua kwa bei. Zima, chomoa na waya wa ukutani, toa kidude, tumia mashine siku mbili tatu kama kawaida. Ikitulia, umeshampata mwizi wako bila kutulipa shilingi. Isipotulia, njoo, na useme yote.

Ukija, sema pia inakufaje. Kuzima papo hapo kama uliyechomoa waya, mara nyingi ni umeme: waya uliogusana, pawa saplai iliyochoka, pini iliyopinda. Kioo cha bluu, tunaangalia draiva, yaani programu inayoifundisha Windows kutumia kifaa, na mawasiliano. Mashine ikiganda pale tu unapofungua disiki ya kadi, huenda kadi yenyewe ndiyo mgonjwa; ijaribu kwenye kompyuta ya jirani kabla hujaisingizia rida. Na tundu za USB zikifa zote za mbele kwa mpigo halafu zikafufuka baada ya mapumziko, kuna fyuzi kwenye madabodi inayokata ikipata moto na kurudi ikipoa. Inakwambia kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi. Ukiendelea kuchomeka, hiyo fyuzi siku moja haitarudi.

Draiva nazo zina kisa chake. Rida nyingi huja na kisahani kidogo cha CD, na watu wanaona wasipokiweka wamepunjwa. Kitupe. Rida ya kawaida ya USB inatumia draiva iliyomo ndani ya Windows yenyewe, tangu enzi za Windows 2000. Kwenye hivyo visahani tumekuta draiva za wakati wa Windows XP zikilazimishwa kuingia kwenye Windows 10, na bluu ikaanza siku hiyohiyo.

Pini sasa. Pini za USB kwenye madabodi zimepangwa mistari miwili, zipo tisa, na nafasi moja imeachwa wazi kwa makusudi. Plagi ya rida nayo ina tundu moja lililozibwa, ili ukigeuza igome. Ikigoma, geuza. Tumeshapokea plagi iliyotobolewa hilo tundu kwa sindano ya moto. Mwenyewe alijisifu hapa kaunta kwamba "ilikuwa na kasoro ya kiwandani, nikairekebisha."

Kuna karani wa chama cha msingi alitoka Tandahimba na sipiyu kaifunga kwa kanga kwenye pikipiki, msimu wa korosho umepamba moto, malipo ya wakulima yako humo ndani. Yeye hakugeuza plagi. Aliichomeka kwenye pini zinazofanana kabisa na za USB, tisa vilevile, ila pembeni yake pameandikwa 1394 kwa herufi ambazo bila tochi huzioni. Hiyo ni FireWire, njia nyingine ya kuunganisha vifaa, ipo kwenye madabodi nyingi za zamani, na inapitisha volti 12. Rida ya volti 5 ukiipa 12 inatoa moshi, na kadi iliyokuwa ndani ikafuata. Madabodi ilipona, hesabu za wakulima zikapona. Nilipoiwasha ikaandika karibu, yule mzee alikaa chini kwenye sakafu, akaniambia, "Mwanangu, nilishaanza kufikiria nitakimbilia wapi." Huyo hakuuliza bei mara mbili.

Mama mmoja mwenye steshenari aliambiwa na fundi mwingine kwamba "hadi disiki" yake, ile inayotunza Windows na mafaili yote, imekufa, anunue nyingine. Kompyuta ilikuwa haifungui Windows toka afungiwe rida, inaleta maandishi meupe tu. Memori kadi ilisahauliwa ndani ya rida, na mashine imepangwa ianze kutafuta Windows kwenye USB kabla ya hadi disiki. Inatafuta kwenye kadi ya nyimbo za taarabu, haioni, inakaa. Tulibadilisha mpangilio kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, elfu tano, akanywa na soda yetu.

Ninyi wenye ofisi za kutazama bahari, Shangani na kule Mikindani, chumvi inawala kimyakimya. Pini zinaota ukijani, rida inashika na kuachia. Spiriti na mswaki laini, mashine ikiwa imezimwa, mara mbili kwa mwaka.

Na Windows ikikwambia kadi inahitaji kuformatiwa, usibonyeze ndiyo. Rida za zamani haziwezi kadi za zaidi ya GB 32, zinaiona kama imeharibika wakati picha zote zimo, nzima. Ipeleke kwenye rida mpya. Kurudisha picha zilizofutwa tunatoza kuanzia elfu arobaini, na hatuahidi zote.

Bei zetu nazijua zinavyosemwa. Kuna wateja wanataka kununua kazi ya fundi kwa kangomba, kama walanguzi wa korosho: wanapima wao, wanapanga wao, wewe upokee. Kila kipuri hapa kinatoka Dar es Salaam kwa basi; Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara upande wa Kilwa, tulikaa na mashine za watu juu ya meza tukisubiri, na kodi ya fremu haikusubiri. Elfu kumi ya kukagua tunaichukua hata tusipokuta kitu, kwa sababu usiku wa kupima ramu ni usiku.

Yule kaka wa studio rida yake ipo hapa, kwenye droo ya pili, na kimfuko cha skrubu nilimwomba akilete. Waya mpya tumeshauunga na kuuvika plastiki. Akipita na skrubu zake nne, nitaifunga mwenyewe, hakuna malipo.