Risala ya Wanafunzi wa Teknolojia ya Muziki kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla hii ya kuhitimu hatua ya kwanza ya mafunzo ya kutengeneza muziki kwa kompyuta. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako kumetutia moyo sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi wetu tulijiunga tukiwa na haraka ya kupiga biti. Wiki mbili za mwanzo hatukuruhusiwa hata kuwasha kompyuta. Mwalimu alilaza spika chali, akatandaza karatasi juu yake, akanyunyiza mchanga, kisha akapitisha sauti nzito. Mchanga ukaanza kurukaruka. Alivyozidi kuipandisha sauti hadi ikawa nyembamba, mchanga ulitulia, ingawa masikio yetu yaliendelea kusikia. Sauti ni mtetemo, na sikio la kijana mwenye afya hupokea mitetemo kuanzia 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde. Ili kompyuta iihifadhi sauti hiyo, lazima iipime zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa. Ndiyo maana CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Namba hiyo tulikuwa tukiiona kwenye programu siku zote na kuipita tu.

Somo lililotuuma zaidi lilitokana na kosa letu wenyewe. Mwenzetu mmoja aliimba ubeti kwa hisia ambazo hajaweza kuzirudia tena. Taa nyekundu ya kurekodia, inayoonya kwamba sauti imezidi kiwango, ilikuwa ikiwaka, nasi tukadhani ni dalili ya sauti yenye nguvu. Tulipoicheza rekodi, kila neno alilolipaza lilikwaruza. Tukalikuza wimbi kwenye skrini: vilele vyake vilikuwa vimekatwa bapa, kama vimepitiwa na msumeno. Kilichokatwa pale hakirudi. Ukipunguza sauti baadaye, unabaki na mkwaruzo ule ule, mdogo zaidi. Tangu siku hiyo tunarekodi kwa biti 24, yaani tarakimu 24 za kompyuta kwa kila kipimo cha sauti (si biti za kupiga), na kuacha nafasi ya desibeli 12 hivi, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, kabla ya kufika ukomo.

Tumejifunza pia tulikotoka. Mwaka 1944, jijini Cairo, mwanamuziki Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwenye waya, akarekodi sauti za wanawake katika ngoma ya zaar, yaani ngoma ya kupunga pepo, kisha akazigeuza kwa mwangwi hadi zikawa kitu kipya. Mfaransa Pierre Schaeffer, ambaye hutajwa sana kama mwanzilishi wa muziki wa sauti zilizorekodiwa, alianza kazi zake za namna hiyo Paris mwaka 1948. Sisi tulifurahi mno kujua kwamba Afrika haikuingia katika fani hii kama mgeni wa kuchelewa.

Kuhusu MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki na kompyuta huwasiliana kwayo, iliyotokana na juhudi za Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani na kuzinduliwa mwaka 1983, wengi tulidhani inabeba sauti. Haibebi. Inabeba maagizo: noti ipi, imebonyezwa lini, kwa nguvu kiasi gani, kwa ngazi 128. Kwa hiyo noti zile zile zinaweza kulia kama kinanda leo na kesho kama filimbi.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni kuchanganya sauti. Ngoma ya chini na besi hugombania mahali pamoja, karibu na mitetemo 60 kwa sekunde. Zamani tulikuwa tunaziongeza zote mbili, na wimbo unazidi kuwa tope. Sasa tunaipunguza besi pale ngoma inapokaa, au tunaifanya iiname kidogo kila ngoma inapogonga, kisha irudi. Mara ya kwanza tulipofanikiwa darasa zima lilinyamaza. Hakuna tulichoongeza, lakini ngoma ilisikika.

Ndugu Mgeni Rasmi, tatizo letu kubwa ni chumba. Kuta ni tupu, sauti inadunda, na mitetemo mizito inarundikana kwenye pembe. Wimbo unaosikika umeshiba humu ndani, ukipigwa kwingine unakuwa mkavu, kwa sababu shibe ile ilikuwa ya chumba. Hedfoni nazo hazitoshi. Tunapokezana, na anayesubiri hajifunzi.

Kwa hiyo hatuombi kompyuta mpya. Zilizopo ni za zamani, lakini zinatosha kwa ngazi yetu. Tunaomba utusaidie kupata fremu za mbao zilizojazwa sufu nzito za kuweka ukutani na kwenye pembe, hedfoni za kutosha, na spika mbili za kuaminika za kusikilizia. Ufundi wa kuzifunga fremu hizo tutaufanya wenyewe, na vipimo tumeshachukua.

Baada ya risala hii tutakupigia wimbo wenye ubeti ule ulioharibika. Mwenzetu amekubali kuuimba upya, leo, mbele yako, na taa haitawaka nyekundu.

Tunaomba kuwasilisha.